Gesi ya Baharini, Mazungumzo ya Mlimani

Mkoa wa Arusha hauna bahari. Ukisimama Sekei ukautazama Mlima Meru, maji yaliyo karibu nawe ni ya mito na mifereji inayoshuka kutoka msituni kwenda kwenye migomba na kahawa. Kutoka hapa hadi Mtwara ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Hata hivyo, anayefuatilia historia ya mafuta na gesi katika bahari yetu hukutana na jina la Arusha mara nyingi kuliko alivyotarajia. Februari 1967, Azimio la Arusha liliyataja mafuta miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa mikononi mwa umma. Februari 2013, Mkutano wa Sita wa Petroli wa Afrika Mashariki ulifanyika hapa. Novemba 2021, majadiliano ya mradi wa kusindika gesi ya bahari kuu, kati ya Serikali na kampuni zilizoongozwa na Equinor na Shell, yalizinduliwa upya hapahapa.

Nafundisha historia mjini hapa, na kila ninapofika kwenye mada ya rasilimali, wanafunzi huniuliza: tusome nini? Kuhusu kahawa ya Meru na Kilimanjaro, mkonge wa Tanga, au mradi wa karanga wa Nachingwea, ninavyo vitabu vya kuwapa. Kuhusu gesi ya baharini ninazo taarifa za kampuni kwa wanahisa wao, ripoti za washauri, hotuba za bajeti na vipande vya magazeti. Makala haya yanaeleza kwa nini upungufu huo ni suala la kisiasa na si kero ya wanahistoria peke yao. Hoja yangu ni kwamba taifa lisilotunza kumbukumbu za rasilimali yake huimiliki kwa jina tu. Kila linapoketi mezani kujadili mkataba mpya, upande wa pili ndio unaokumbuka yaliyopita.

Karatasi mbili za mwaka 1952

Mwaka 1952 ulituachia karatasi mbili. Ya kwanza ni malalamiko ya Wameru kwa Umoja wa Mataifa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu takribani watu 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu waliotaka kufuga ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto na watu wakatakiwa kuhamia King'ori. Wameru walichangishana fedha, wakamwendea wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Kura katika Baraza Kuu hazikutosha kuwapa ushindi. Lakini kila hatua ya mgogoro ule iliandikwa, ikahifadhiwa, na mwaka 1967 Japhet na Seaton wakaichapisha kuwa kitabu. Ndiyo maana leo mjukuu wa aliyechomewa nyumba anaweza kuisoma kesi ya babu yake kwa maneno ya walioiendesha.

Karatasi ya pili ni leseni. Mwaka huohuo wa 1952, Shell pamoja na kampuni ambayo miaka miwili baadaye ilichukua jina la BP walipewa haki ya kutafuta mafuta katika ukanda wa pwani na katika visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Mwaka mmoja kabla yake Iran ilikuwa imetaifisha mafuta yake, na kampuni hiyo, iliyokuwa ikiitwa Anglo-Iranian, ilikuwa imepoteza chimbuko lake kuu. Kwa takribani miaka 12 wapimaji walizunguka pwani yetu. Visima virefu vilichorongwa Mafia, Unguja na Pemba. Mafuta ya kuuza hayakupatikana, na kufikia mwaka 1964 kazi ilikuwa imekwisha.

Nani walifyeka njia za wapimaji? Nani walibeba mabomba kutoka gatini? Mashamba ya nani yalipitiwa, na wenyewe walilipwa nini? Kesi ya Wameru inajibu maswali ya namna hiyo kwa majina, tarehe na idadi. Kisima cha Mafia hakikupata Kirilo Japhet wake. Kumbukumbu za BP zinahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza, na mwanafunzi wa Usa River anayetaka kujua kampuni ilifanya nini katika kisiwa cha nchi yake hana budi kuanza safari yake kwa kuomba viza.

Miaka 30 kutoka kisima hadi taa

Wengi wa wanafunzi wangu huamini kwamba gesi ya Tanzania iligunduliwa mwaka 2010. Si kosa lao. Hivyo ndivyo ilivyotangazwa. Ukweli ni mrefu zaidi.

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, yaani TPDC, liliundwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio, na likaanza kazi mwaka 1973. Kampuni ya Italia ya AGIP ndiyo iliyoingia nasi mkataba wa kwanza wa kugawana uzalishaji. Waitalia hawakuwa wageni kwetu: kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER pale Kigamboni kilikuwa kikiendeshwa kwa ubia kati yao na Serikali. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilipandisha bei ya mafuta mara nne ndani ya miezi michache, na nchi changa isiyo na mafuta ikajikuta inauza kahawa na pamba zaidi ili kununua dizeli ileile.

Katika hali hiyo, mwaka 1974, AGIP ilikuta gesi katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Mwaka 1982 ikakuta nyingine Mnazi Bay, Mtwara. Kampuni ilikuwa ikitafuta mafuta. Gesi isiyo na soko la karibu haikuwa na thamani machoni pake, ikaiacha. Hapo ndipo TPDC, kwa fedha za umma na mikopo, ilipoendelea kuchoronga visima Songo Songo ili kujua hazina ile ina ukubwa gani. Mapema katika miaka ya 1980 likaja wazo la KILAMCO, kiwanda cha kutengeneza mbolea kwa gesi hiyo pale Kilwa Masoko. Wazo hilo lilikuwa linamgusa mkulima wa mahindi wa Arumeru moja kwa moja, maana mbolea ya chumvichumvi ilikuwa ikitegemea malighafi kutoka nje. Kiwanda hakikujengwa. Gesi ya Songo Songo ilifika kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo mwaka 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa.

Miaka hiyo 30 ndiyo sehemu ya historia yetu iliyo hatarini zaidi. Ndani yake wamo wanajiolojia wa kwanza wa Kitanzania waliosomeshwa kwa fedha za umma, mabaharia waliovusha vifaa, wanawake wa Songo Songo waliowapikia wachorongaji, na makatibu wakuu waliokesha wakiandika majibu kwa wakopeshaji. Kijana aliyeajiriwa mwaka 1973 akiwa na miaka 25 leo anakaribia 80. Kila mwaka tunazika baadhi yao, na pamoja nao tunazika maelezo ya kwa nini kiwanda cha mbolea kilishindikana. Kisha anakuja mtaalamu mpya na pendekezo la kiwanda cha mbolea, na tunalijadili kana kwamba halijawahi kutamkwa.

Samaki na viungo

Kuanzia mwaka 2010 kazi ilihamia kwenye kina kirefu cha bahari. Kampuni za Ophir na BG zilivipa visima vyao majina ya viumbe wa baharini: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Mzia. Statoil ya Norway na mbia wake ExxonMobil, katika Kitalu namba 2, wakachagua jikoni: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Piri, Mdalasini. Makadirio ya gesi yote iliyopo nchini yakafika futi za ujazo trilioni 57. Majina yalikuwa yetu, matamu na ya nyumbani. Mikataba haikuwa mikononi mwetu kuisoma.

Hali hiyo ndiyo iliyokuwepo Mtwara ilipoanza kuchemka. Desemba 27, 2012 wananchi waliandamana kupinga ujenzi wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Januari 2013 ghasia zilizuka Mtwara na Masasi. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari, wajumbe wa sekta ya petroli walikutana hapa Arusha kuzungumzia fursa za uwekezaji. Mei 22, 2013, siku ambayo hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni, Mtwara ililipuka tena, watu wakapoteza maisha na jeshi likaingia mitaani. Bomba lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na Oktoba 2015 likazinduliwa.

Wapo waliosema kwamba wana Mtwara walichochewa tu na wanasiasa. Mwanahistoria huangalia mbali zaidi. Kusini iliahidiwa ustawi kupitia mradi wa karanga wa miaka ya 1940; mradi ukafa. Ilijengewa reli ya Mtwara hadi Nachingwea, reli ikang'olewa. Iliona gesi ya Songo Songo ikipita kwenda Ubungo. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akisikia ahadi ya nne huuliza iko wapi ile ya kwanza. Kama viongozi nao wangekuwa wameisoma historia hiyo, huenda mazungumzo yangetangulia mabomu ya machozi.

Julai 2014 nyongeza ya mkataba wa Kitalu namba 2 ilivuja. Wachambuzi wakailinganisha na mkataba kifani wa Serikali, wakaona mgawo wa Taifa ni mdogo kuliko ule uliowekwa katika kifani hicho. TPDC ikajibu kwamba hesabu hizo ziliacha kodi na malipo mengine. Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Ninachokiona ni kwamba mjadala mkubwa kabisa wa umma kuhusu gesi yetu ulitegemea waraka uliovuja. Novemba mwaka huohuo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliamuru viongozi wa TPDC wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba 26 iliyoombwa. Bunge lenyewe, basi, lilikuwa katika foleni moja na mwanafunzi wangu.

Mwaka 2015 zikatungwa sheria tatu kwa hati ya dharura: ya petroli, ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, ambayo inataka mikataba iwekwe wazi. Mwaka 2017 ikaja sheria inayolipa Bunge mamlaka ya kupitia masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Ni sheria nzuri. Lakini sharti hasi hutambuliwa kwa kulinganishwa na masharti mengine, ya kabla yake na ya jirani. Mbunge asiyewahi kuona mkataba wa mwaka 1969 atajuaje tulianza na nini na tumesogea wapi?

Funzo la Zanzibar

Anayedhani haya ni mambo ya maktaba tu aitazame Zanzibar. Mafuta na gesi asilia viliongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano mwaka 1968. Kwa miaka mingi watu wamebishana: nani alikubali, kwa kikao gani, kwa masharti gani? Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kutaka suala hilo liondolewe katika orodha. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ikaifungulia Zanzibar njia ya kusimamia yake, mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake, na mwaka 2018 ikaingia mkataba na RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Safari hiyo iliwachosha watu na kuwatia shaka wao kwa wao, kwa kuwa pale palipohitajika muhtasari wa kikao palitawala masimulizi ya barazani. Penye ukimya wa nyaraka, uvumi haukosi kiti.

Wenzetu walifanyaje

Kuandika historia ya mafuta ya baharini si jambo lisilowezekana. Marekani, wakala wa serikali uliosimamia uchimbaji baharini ulifadhili utafiti wa historia ya tasnia hiyo kusini mwa Louisiana. Watafiti wa vyuo vikuu walikusanya mamia ya mahojiano: wapiga mbizi, waunda meli, madalali wa ardhi, wake za wachorongaji. Uskoti, Chuo Kikuu cha Aberdeen kilishirikiana na Maktaba ya Uingereza kurekodi maisha ya watu wa Bahari ya Kaskazini. Norway ilifungua jumba la makumbusho ya mafuta mjini Stavanger mwaka 1999, na nyaraka za visima vikubwa kama Ekofisk zimepangwa ili raia azisome.

Angalia jambo moja. Kampuni ya Norway iliyochimba Zafarani na Tangawizi inatoka katika nchi ambayo historia ya kila kisima imeandikwa. Mjumbe wake anapoketi mezani Arusha ana nyuma yake kumbukumbu ya nusu karne. Na majina yanapobadilika, kumbukumbu huhama pamoja nayo: Statoil imekuwa Equinor, BG imemezwa na Shell, AGIP imeingia ndani ya Eni, na Artumas iliyoanza kuzalisha umeme kwa gesi ya Mnazi Bay ilibadili jina kuwa Wentworth. Karatasi zinazotuhusu zimeuzwa pamoja na hisa. Mwananchi wa Likong'o, Lindi, ambako kiwanda cha kusindika gesi kimepangwa kujengwa, hana mahali pa kuuliza ni nani hasa aliyemwahidi nini. Takribani watu 700 wa eneo hilo walilipwa fidia mwaka 2020 baada ya kusubiri miaka kadhaa. Je, kuna anayeandika walichopanda, walichoacha na walikokwenda? Wameru wa mwaka 1951 waliandika.

Kazi iliyo mbele yetu

Najua jibu litakalotolewa: mikataba ni siri ya biashara. Kwa mkataba unaojadiliwa leo hoja hiyo ina uzito kiasi, ingawa sheria yetu ya mwaka 2015 imeshaipunguza. Kwa mkataba wa mwaka 1969 haina uzito wowote. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002 imeweka kanuni ya miaka 30, ambayo baada yake nyaraka za umma hufunguliwa kwa wananchi. Mkataba wa AGIP, taarifa za visima vya Songo Songo na Mnazi Bay, majalada ya KILAMCO: vyote vimevuka umri huo. Hakuna sheria mpya inayohitajika. Kinachohitajika ni ofisa wa kuyatoa majalada kabatini, kuyaorodhesha na kuyakabidhi kwa Nyaraka za Taifa kabla mchwa na mvua havijafanya uamuzi kwa niaba yetu.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya: jalada mlilolikuta ofisini mwenu ni sehemu ya mali ya Taifa kama ilivyo gesi yenyewe. Ofisi inapohama, jalada lihamishwe kwa hati ya makabidhiano. Anapostaafu mtu aliyeshiriki majadiliano, aombwe kurekodiwa kwa saa mbili kabla hajarudi kijijini.

Kwa wanaharakati: tumezoea kudai asilimia. Tudai pia nyaraka, kwa kuwa asilimia isiyo na waraka haiwezi kuhakikiwa. Ombi la maandishi, lenye kutaja sheria na mwaka wa jalada, lina nguvu kuliko kongamano.

Kwa wanafunzi: msisubiri ufadhili. Tasnifu za shahada ya kwanza zinaweza kufanya kazi kubwa kama kila moja itachukua kijiji kimoja, kisima kimoja au kazi moja. Atafutwe baharia mmoja wa Kilwa, fundi mmoja wa Ubungo, mama lishe mmoja wa Msimbati, mstaafu mmoja wa TPDC. Aulizwe alianza lini, alilipwa nini, aliambiwa nini, na ana karatasi gani sandukuni. Anayefanya utafiti wake hapa Arusha naye ana kazi: madereva, wakalimani na makatibu muhtasi waliohudumia mikutano ya petroli wapo, na hakuna aliyewahi kuwauliza waliona nini.

Majadiliano yaliyozinduliwa hapa mwaka 2021 yalizaa makubaliano ya awali yaliyosainiwa Dodoma Juni 2022, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mazungumzo ya mkataba wenyewe yamekamilika. Kusainiwa kukakawia. Kampuni zina subira; Equinor ilishafuta dola milioni 982 katika vitabu vyake mwaka 2021 na bado ikarudi mezani. Kuchelewa huko kumetupa muda ambao kizazi cha mwaka 1974 hakikuupata. Ombi la kwanza la majalada ya Songo Songo linaweza kuandikwa wiki hii, kwa ukurasa mmoja, kwenda kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wamekwisha kuanza kuliandika lao.